Jua Halimshibishi Samaki

Mtoto anayependa kichwa cha changu anavijua vile vijiwe viwili vyeupe vinavyobaki sahanini baada ya nyama kwisha. Wengine huvichezea, wengine huvitupa pamoja na miba. Vijiwe hivyo ni vya masikio ya samaki, na ndani yake mna daftari la utoto wake. Mwaka 1971 mtaalamu Giorgio Pannella alionyesha kwamba samaki huongeza utando mwembamba kwenye kijiwe hicho kila siku. Kijiwe kikikatwa na kutazamwa kwa darubini, mistari yake huhesabika kama mistari ya kisiki cha mti, isipokuwa hapa mstari mmoja ni siku moja na si mwaka.

Kwa samaki mchanga mistari hiyo husema mengi. Siku alizokua vizuri kwa kawaida mistari huachana, na siku alizodhoofika mistari hubanana. Ndiyo maana samaki wawili wenye urefu sawa, waliolala pamoja katika fungu moja pale Darajani, wanaweza kupishana umri kwa wiki kadhaa. Mmoja alilelewa vizuri, mwingine alilelewa kwa shida. Mambo mawili makubwa yanayoamua nani atakuwa yupi ni joto la maji na chakula. Anayetegemea bahari kwa kitoweo, na zaidi yule anayefikiria kuchimba bwawa ili alee samaki mwenyewe, anahitaji kujua mambo haya mawili yanavyovutana.

Mwili unaofuata maji

Binadamu ana joto lake mwenyewe. Kusi ikivuma au kaskazi ikichoma, mwili wa mtu mzima wa afya hubaki karibu na nyuzi joto 37. Samaki walio wengi hawana uwezo huo. Maji yakiwa na nyuzi 25, mwili wa kifaranga cha samaki uko hapo hapo. Yakipanda hadi 30, naye amepanda.

Mwili unapopata joto, shughuli zake zote huenda mbio. Moyo hupiga haraka zaidi, chakula husagika upesi, misuli hujengwa upesi. Kwa sababu hiyo watu wengi huamini kwamba maji ya moto ndiyo yanayokuza samaki, na kwamba Zanzibar, yenye jua mwaka mzima, haina la kuhangaikia. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba mwili unaokwenda mbio unatumia mafuta mengi.

Hesabu yake si ngumu. Kwa kawaida joto la maji likiongezeka kwa nyuzi 10, matumizi ya mwili wa samaki huongezeka mara mbili hadi mara tatu. Bahari ya Unguja haibadiliki kiasi hicho. Huwa kwenye nyuzi 25 hivi wakati wa baridi ya kusi, mwezi wa Agosti, na hukaribia 30 mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi na Aprili. Tofauti ni nyuzi tano tu, lakini hizo tano zinatosha kumfanya kifaranga wa Machi ahitaji karibu mara moja na nusu ya chakula cha kifaranga wa Agosti. Hicho ni cha kumweka hai tu, hajaongeza hata unyoya wa uzito.

Kwa hiyo joto humtia samaki hamu na uwezo wa kukua, lakini halimpi cha kulia. Likija pamoja na chakula kingi, kifaranga hufumuka. Likija bila chakula, humla yeye mwenyewe: mafuta kwanza, kisha misuli.

Jaribio la Kanada

Jambo hili lilipimwa kwa makini nchini Kanada, katika jimbo la British Columbia. Mwaka 1969 mtafiti J. R. Brett na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao juu ya vifaranga wa samoni, samaki wa maji ya baridi. Waliwaweka katika maji ya joto tofauti, kuanzia nyuzi 1 hadi 24, na kila kundi wakalipa kiasi tofauti cha chakula.

Vifaranga walioshibishwa walikua vizuri zaidi katika maji ya nyuzi 15. Lakini waliopewa chakula kidogo, asilimia moja na nusu ya uzito wao kwa siku, walikua vizuri zaidi katika nyuzi 5. Joto lile lile lililowanenepesha walioshiba lilipunguza kukua kwa wenye njaa.

Samaki wa Unguja hawajui baridi ya namna hiyo, na namba za samoni haziwahusu. Kinachowahusu ni kanuni: hakuna joto moja linaloweza kuitwa zuri bila kwanza kuuliza samaki anakula kiasi gani. Chakula kikipungua, joto linalomfaa nalo hushuka. Familia inayosikia kwamba bahari inazidi kupata joto isiulize tu kama samaki watavumilia. Iulize pia watakula nini.

Siku za kwanza

Hakuna wakati ambapo swali hilo ni zito kama siku chache za mwanzo. Samaki wengi wa bahari huanza maisha kama yai dogo linaloelea. Akitoka kwenye yai, anabeba akiba ya kiini tumboni, naye hana mdomo wa kulia. Kwa mwatiko, samaki anayefugwa sana pwani ya Afrika Mashariki na Asia, akiba hiyo ni ya siku mbili tatu tu. Ikiisha, lazima akute mbele yake vijidudu vidogo vya kumeza, ama afe.

Mtaalamu wa Norwei, Johan Hjort, aliandika mwaka 1914 kwamba wingi au uchache wa samaki wa miaka ijayo unaweza kuamuliwa hapo, katika siku zile akiba inapokwisha na chakula cha kwanza kinapotakiwa. Maji yakiwa ya moto, kiini huisha upesi zaidi na muda wa kubahatisha hupungua. Kifaranga mdogo hana mafuta ya kumsubirisha kama samaki mkubwa. Kiasi cha chakula anachohitaji kwa kila gramu ya mwili wake ni kikubwa kuliko cha mzazi wake, kama mtoto mchanga anayenyonya usiku kucha wakati baba yake amekula mara moja na kulala.

Kituo cha kutotolea viumbe wa baharini kilichoko Beit el Ras, nje kidogo ya mji, kilijengwa kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na serikali ya Korea Kusini, ili wafugaji wapate vifaranga wa mwatiko, majongoo bahari na kaa bila kungoja bahati ya bahari. Katika vituo vya namna hii kazi kubwa haiko kwenye mayai. Iko kwenye chakula cha watoto. Kwanza hukuzwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayoyafanya maji kuwa ya kijani. Mimea hiyo hulishwa vijidudu vidogo viitwavyo rotifa, na rotifa ndio wanaoliwa na vifaranga wa mwatiko. Mnyororo huo ukikatika siku moja, tangi zima la vifaranga linaweza kwenda.

Chwaka, jiko la watoto wa samaki

Baharini hakuna mtu wa kuwapimia chakula. Kinachowalisha ni mahali walipo, na kwa upande wa mashariki ya Unguja hakuna mahali panapojulikana zaidi kuliko Ghuba ya Chwaka, yenye mikoko, mchanga, tope na uwanda mpana wa nyasi za baharini. Watoto wa changu, chaa na tasi hukaa humo kabla ya kutoka kwenda kwenye matumbawe.

Mtafiti Blandina Lugendo na wenzake walichunguza matumbo na miili ya samaki wa ghuba hiyo, na mwaka 2006 wakachapisha waliyoyaona. Sehemu kubwa ya wale wanaotafuta chakula chini ya maji walikuwa wamekula wanyama wadogo wenye magamba: vijidudu vya jamii ya kamba, kaa wadogo na kamba wenyewe. Walaji majani kama tasi walikuwa na mwani tumboni. Mikoko, nyasi na mchanga, kila mahali palikuwa jiko la samaki fulani, na wapo waliokuwa wakila sehemu mbili, wakifuata maji yanapojaa na kutoka au wakihama kadiri wanavyokua.

Jambo lingine walilolikuta ni kwamba nyasi na mikoko yenyewe si chakula kikubwa cha samaki hao. Faida yake ni kuwa nyumba na uwanja wa wale wanaoliwa. Basi nyasi zikikwanguliwa, anayepotea kwanza ni kaa mdogo na kamba, na samaki mchanga hufuata.

Hapa ndipo joto na chakula vinapokutana katika maisha ya mwenyeji. Maji yakitoka pwani, vidimbwi vinavyobaki juu ya uwanda hupata joto upesi jua linapopanda, kupita bahari iliyo nje. Kifaranga aliyemo humo ana njaa kubwa kuliko mwenzake wa kilindini. Akizungukwa na nyasi zilizojaa wadudu, joto hilo linamfaa. Akizungukwa na mchanga mtupu uliopitiwa na juya la kukokota, joto lile lile linamkondesha. Juya la kukokota limepigwa marufuku Zanzibar, na mara nyingi sababu inayotajwa ni kwamba hunasa samaki wadogo. Madhara yake kwa wale wasionaswa husahaulika: huwaachia nyumba isiyo na jiko.

Kina mama wa mwani wa Paje, Jambiani na vijiji vingine wanaielewa hoja hii bila kuelezwa mara mbili. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989, na wao ndio waliobeba kazi kwa sehemu kubwa. Wameona aina ya kotonii, yenye bei nzuri, ikioza na kukatika katika maji mafupi yaliyopata joto, na baadhi yao wamejaribu kuihamishia kwenye kina kirefu. Wao pia wana nafasi ya kuwasaidia samaki wachanga. Mwani unaofungwa juu ya mchanga ulio wazi hauhitaji kung'oa nyasi. Kamba inayonyooshwa katikati ya nyasi zilizofyekwa hulipwa na samaki.

Bwawa la familia

Ufugaji wa mwatiko Unguja si jambo geni. Katika ghuba ya Makoba, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978, walifanya majaribio ya mabwawa ya samaki. Leo wapo wanavikundi na familia wanaoweka akiba yao kwenye bwawa badala ya kuiweka kwenye duka. Fedha hiyo mara nyingi ni ya ada ya watoto au mchango wa upatu, kwa hiyo kukosea kunauma.

Mwatiko ni mvumilivu. Anastahimili maji ya chumvi kali na maji baridi yasiyo na chumvi, na hukua vizuri katika nyuzi 26 hadi 32 hivi. Kwa joto la Unguja, hilo lingetosha. Lakini bwawa si bahari. Maji yake ni mafupi na yamesimama, na hupata joto mchana kuliko ghuba iliyo jirani. Mabwawa mengi ya pwani hupata maji mapya wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana. Wakati wa maji mafu, bahari haifiki kwenye lango, na kwa siku kadhaa bwawa hukaa na maji yale yale chini ya jua. Mwenye bwawa anayeijua kalenda ya mwezi huyabadilisha maji vizuri kila bamvua, na huhakikisha kina kinatosha kabla maji mafu hayajaingia, kwa sababu maji mengi huchelewa kupata joto.

Adha ya pili ya joto ni hewa. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hubeba pungufu ya asilimia 8 hivi kuliko ya nyuzi 25, wakati huo huo samaki anahitaji zaidi. Saa mbaya kabisa si adhuhuri, kama wengi wanavyodhani. Ni kabla ya alfajiri, kwa kuwa mimea ya bwawani hutoa oksijeni mchana na kuila usiku. Samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji wakati wa adhana ya alfajiri hawaombi chakula. Wanatafuta pumzi. Kuwatupia pumba saa hiyo ni kuwaongezea taabu, maana chakula kisicholiwa huoza na kuoza nako hula oksijeni. Chakula kingoje jua lipande, saa tatu au nne ya asubuhi.

Mwatiko mchanga hula ule utando laini wa kijani na kahawia unaoota chini ya bwawa. Ukitunzwa kabla ya kuingiza vifaranga, huokoa fedha nyingi za mwanzo. Ukiisha huku samaki wakiwa wengi na maji yana moto, kukua husimama, na mwenye bwawa asiyefunua wavu wake kuwapima hatajua.

Hesabu kabla ya jembe

Tuseme familia imeingiza vifaranga 1,000 wa gramu 5 kila mmoja. Wote pamoja ni kilo 5. Wakilishwa asilimia 5 ya uzito wao kwa siku, ni gramu 250, kiasi ambacho mama anaweza kukipima kwa kikombe. Hapo kila mtu nyumbani hufurahi kwamba kazi ni rahisi.

Wakifika gramu 50, uzito wao umekuwa kilo 50. Hata wakipewa asilimia 3 tu, ni kilo moja na nusu kila siku. Wakibaki 800 na kufikia gramu 300, mavuno ni kilo 240. Kwa chakula cha kununua, kilo moja ya samaki kwa kawaida hutaka kilo moja na nusu hadi mbili za chakula. Hiyo ni kati ya kilo 360 na 480 kwa msimu, kabla ya kutoa kile ambacho bwawa lenyewe limelisha, na sehemu kubwa huliwa miezi ya mwisho.

Familia nyingi hutumia fedha zote kwenye kuchimba na kununua vifaranga, kisha hukwama katikati. Kama mkwamo huo unaangukia mwezi wa Februari au Machi, joto linamaliza kilichobaki: samaki wanahitaji zaidi, wanapata kidogo, wanakonda kwa chakula kilichokwisha kulipiwa. Bora vifaranga 500 wanaoshiba kuliko 1,000 wanaogawana njaa. Na kama chakula kitapungua bila budi, ni afadhali kuvuna baadhi mapema, hata wakiwa wadogo kidogo, kuliko kuwabakisha wote katika maji ya moto kwa kutarajia kwamba jua litawakuza.

Wanaofuga perege kwenye maji yasiyo na chumvi wana mtego wao. Perege akibanwa na kukosa chakula haachi kuzaa. Huzaa akiwa mdogo, bwawa hujaa, na wote hudumaa. Mfugaji huwatazama akidhani ni watoto bado, kumbe ni wazee waliobaki na miili ya watoto. Kuwangoja zaidi hakuwasaidii. Kuwapunguza kunawasaidia.

Kazi ya kila mmoja nyumbani

Kuwaangalia samaki wachanga ni kazi inayoweza kugawanywa. Kijana wa skuli anaweza kupewa kipimajoto cha maji na daftari, aandike joto la asubuhi na la alasiri kila siku. Mwingine akapima samaki kumi kila baada ya wiki mbili na kuandika uzito wao. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litasema kama joto na chakula vinakwenda pamoja au vimeachana, na mama atajua lini aongeze chakula na lini afungue lango kabla fedha haijapotea.

Na kwa familia isiyo na bwawa, uamuzi uko sokoni. Fungu la tasi na changu wa urefu wa kidole huvutia kwa bei, hasa jikoni kukiwa na watu wengi. Lakini wale ni samaki waliokwisha pita siku za kwanza, wakapata chakula chao cha kwanza, wakavumilia vidimbwi vya moto vya uwandani, na walikuwa wamebakisha miezi tu wawe kitoweo cha nyumba nzima. Mnunuzi akiwaacha wiki hii, na mwingine akawaacha wiki ijayo, mvuvi naye ataona hakuna faida ya kuwafuata kwenye nyasi, na baadhi yao watafika kwenye matumbawe.